Sluisi ya dhahabu ina kazi gani Ganze?

Mwaka 2025 aunsi moja ya dhahabu ilivuka dola 3,000 za Marekani kwa mara ya kwanza, na hamu ya kuitafuta ikazidi kusambaa hadi sehemu ambazo hazijawahi kuhesabiwa kuwa nchi ya dhahabu. Pamoja na hamu hiyo huja vifaa. Kimojawapo kinachosifiwa sana na watafutaji wa Marekani ni aina ya sluisi, yaani mfereji wa kuoshea mchanga wa dhahabu, ambayo haitegemei zulia wala vizuizi vya mbao, bali husukuma maji kutoka chini ya mchanga ili dhahabu izame na vilivyo vyepesi vichukuliwe na mkondo. Ni kisanduku kidogo kisicho na injini, na fundi wa kuchomelea vyuma wa Kilifi au Malindi anaweza kukiunda akipewa vipimo. Kwa hiyo kuna haki ya kuuliza kinaweza kumfaa nini mtu wa Ganze, bara la kaunti ya Kilifi katika Pwani ya Kenya, ambako kilimo hutegemea mvua isiyotegemeka na vijana wengi huishia kupasua mawe au kupakia mchanga kwenye malori. Jibu langu ni kwamba kinafaa, ila si kwa kazi ambayo wengi huifikiria. Hapa hakitakuwa chombo cha kuchimbia riziki. Kitakuwa chombo cha kupimia, na faida yake itategemea nani amekishika kwanza: mwenyeji, au mgeni anayefika na leseni mkononi.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi, maana hoja nzima inasimama hapo. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 wa maji ya ujazo uleule, ilhali kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, ni mara 2.65. Punje ikiwa majini hupunguziwa uzito wa maji inayoyasukuma kando, kwa hiyo mashindano ya kweli ni 18.3 dhidi ya 1.65, yaani dhahabu inaishinda kwatzi mara 11. Wahandisi wa madini hutumia hesabu hiyohiyo kukadiria ugumu wa kazi: uwiano ukizidi 2.5, madini mawili hutengana kwa urahisi hata yakiwa membamba. Ukishuka hadi karibu 1.75, kazi inawezekana kwa punje zisizopungua takriban milimita 0.15, na ukikaribia 1.25, uzito pekee hausaidii tena. Kwa mizani hiyo dhahabu ingepaswa kuwa rahisi kuliko yote, na ingekuwa hivyo kama punje zote zingelingana. Tatizo ni kwamba hazilingani. Punje ya dhahabu ya milimita 1 huzama kwa kasi ya kokoto ya kwatzi ya milimita 11, lakini ikiwa ndogo mara kumi, msuguano wa maji ndio unaotawala, na punje hiyo huzama sawa na chembe ya mchanga ya theluthi moja ya milimita. Dhahabu nyembamba huwaponyoka watu kwa sababu hiyo, wala si kwa uvivu wao.

Katika sluisi ya kawaida, mchanga hujikusanya nyuma ya vizuizi na kushikamana. Baada ya muda unakuwa mgumu, na dhahabu nyembamba inayofika ikiwa imechelewa hupita juu yake isipate pa kuingilia. Kusukuma maji kutoka chini kunaondoa ugumu huo. Kwenye sakafu ya mtego, yaani sehemu ya kisanduku inayonasa dhahabu, hulazwa mabomba yenye matundu madogo, maji hutoka humo na kupanda katikati ya mchanga, na punje haziegemeani tena. Kila moja inaning'inia kidogo katika maji. Punje nzito hupenya hadi chini, nyepesi husukumwa juu na kuondoka. Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho: mchanganyiko wa mchanga na maji huwa kama kimiminika kizito kuliko maji matupu. Ukiwa na uzito mara 1.5 wa maji, ule uwiano wa dhahabu na kwatzi hupanda kutoka 11 hadi 15. Byron Knelson wa Kanada aliichukua kanuni hii, akaongeza mzunguko wa kasi, na mashine zinazobeba jina lake sasa zimo katika migodi mikubwa duniani. Kwa hiyo asije mtu akakidharau kisanduku hiki kwa sababu ya udogo wake. Sayansi iliyomo ni ileile ya migodi mikubwa, ila bila umeme.

Kukiweka sawasawa kunataka uvumilivu kuliko nguvu. Mtoni huchaguliwa mahali ambapo maji yana kasi lakini hayatoi povu. Mdomo mpana hukabili mkondo na kulala chini kabisa ili maji yaingie kwa upana wote, na mkia huachwa wazi juu ya shimo au maporomoko madogo ili marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yasirundikane yakarudisha maji nyuma. Pima maji ya mwashi huwekwa kukingama upana wa kisanduku. Upande mmoja ukilala hata kidogo, maji hukimbilia huko na nusu ya mtego inakufa. Matundu ya mabomba huelekezwa chini ili mchanga usiingie ndani maji yanapokatika, na kwenye lango la mabomba hufungwa wavu wa kuzuia majani, kwa maana jani moja linatosha kuziba tundu. Pasipo mto, pipa la lita 200 huinuliwa kama mita moja juu ya kisanduku na kujazwa kwa pampu, kwa sababu pampu ikiunganishwa moja kwa moja husukuma kwa vishindo, na mtego unataka msukumo ulio sawa. Ndipo mchanga huingizwa kidogo kidogo hadi mtego ujae, na kipimo cha mwisho ni kidole: kikizama mpaka sakafuni bila kusukumwa, kama kinavyozama kwenye uji mzito, mtego uko hai. Kikigota, maji ni machache au matundu yameziba. Kama sakafu ya chuma inaonekana na mchanga unarushwa nje, maji yamezidi, na dhahabu nyembamba nayo inarushwa.

Ukifika wakati wa kulisha, kosa linalojirudia ni haraka. Koleo zima likimwagwa kwa mara moja huzima mtego kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo kila kitu hupita. Nondo zilizopangwa juu ya mtego huzuia mawe, lakini haziwezi kuzuia udongo wa mfinyanzi, na huyo ndiye adui mkubwa. Mabonge ya mfinyanzi huviringika juu ya mtego yakiokota punje zilizokwisha kunaswa na kutoka nazo. Yakiyeyuka, huyafanya maji kuwa mazito na kuzuia punje nyembamba zisizame. Udongo wa namna hiyo unapaswa kulowekwa na kuvurugwa ndani ya pipa kwanza, kisha kuchujwa, kabla ya kugusa sluisi. Na kabla ya kuamini matokeo yoyote, kifaa chenyewe kijaribiwe. Vipande vidogo vya risasi, vilivyokatwa kutoka kwenye chubwi la mvuvi, vikahesabiwa na kupakwa rangi, huchanganywa na mchanga na kupitishwa. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, uzito wake ni mara 11.3 wa maji, kwa hiyo mtego unaopoteza risasi ya milimita 1 hauwezi kuaminiwa na dhahabu iliyo ndogo zaidi. Naona jaribio hili ndilo linalomtofautisha mpimaji na mcheza kamari, na ajabu ni kwamba wengi hulipuuza.

Magharibi mwa Kenya na kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, ambako dhahabu ni kazi ya kila siku, njia iliyozoeleka ni nyingine. Huko Migori, katika maeneo kama Osiri na Macalder, mawe yenye dhahabu husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa juu ya mbao zilizoinamishwa na kutandikwa magunia au mablanketi, kisha kinachobaki hukorogwa na zebaki ndani ya karai na kuchomwa moto. Kule Geita, Tanzania, wachimbaji wadogo huziita sehemu hizo za kuoshea mialo, na marudio yake huuzwa kwa wenye mitaji wayachenjue kwa sayanaidi, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba dhahabu nyingi imebaki humo. Hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote ambayo binadamu huimwaga hewani. Kifaa kinachoshika dhahabu nyembamba bila zebaki kingekuwa na kazi kubwa huko, ingawa mwamba uliosagwa sana hutoa punje ambazo hata mtego ulio hai huzipoteza. Ninataja Migori kwa sababu mazungumzo ya dhahabu Pwani hufanywa kana kwamba Migori inaweza kuhamishwa. Kifaa kinaweza kuhamishwa. Mwamba hauwezi.

Mwamba wa Migori na Kakamega ni wa kale mno, una umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na mishipa yake ya kwatzi ilibeba dhahabu tangu zama hizo. Ganze imekaa juu ya kitu tofauti kabisa: mchangatope na mchangamwe, yaani miamba iliyotokana na tope na mchanga, wa mfululizo ambao wanajiolojia huuita wa Duruma, ambao tabaka zake zimepewa majina ya Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras, na kuelekea baharini unafunikwa na chokaa ya enzi ya Jurasiki na mchanga mwekundu wa Magarini. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti za jiolojia za eneo la Kilifi na Mazeras na za eneo la Malindi, na tangu wakati huo linalotajwa sana kuhusu bara la Kilifi ni galena, yaani mawe ya risasi, na madini mazito yaitwayo barayti, huko Vitengeni na, kusini zaidi, Kinangoni. Mashariki, kwenye mchanga wa pwani, yapo madini mazito meusi: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Hata historia ya kale inasema hivyohivyo. Al-Idrisi, aliyeandika katikati ya karne ya 12, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji wa chuma. Dhahabu iliyotajirisha miji ya Waswahili ilitoka Sofala na bara la Zimbabwe, ikapita Kilwa. Pwani iliiuza, haikuichimba.

Kuna atakayejibu kwamba kutotajwa si kutokuwepo, na kwamba dhahabu ya Kakamega nayo haikuwamo katika ramani ya mtu hadi mwaka 1931. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita juujuu. Mchangamwe ni mwamba uliotokana na milima mingine iliyomomonyoka, na hakuna sheria ya maumbile inayozuia punje chache za dhahabu kusafiri na mchanga huo. Mto Galana, unaoitwa Sabaki ukikaribia bahari, hutoka nyanda za juu za Nairobi na Machakos, hukata miamba ya kale ya Tsavo, na huleta tope jingi hadi ufuo wa Malindi ukabadilika rangi kila msimu wa mvua. Mto unaosafirisha kiasi hicho cha udongo unaweza kusafirisha lolote. Lakini hoja hiyo inathibitisha haja ya kupima tu. Mtu anayesema "huenda ipo" na mtu anayesema "huenda haipo" wote wawili wanahitaji namba ileile, na namba hiyo haipatikani kwa kununua sluisi kumi na kuwagawia vijana majembe.

Kizuizi cha pili, baada ya mwamba, ni kigumu zaidi, nacho ni maji. Pampu ndogo ya petroli ya inchi mbili hutoa kama lita 500 kwa dakika pale inapofanya kazi bila kupandisha maji mbali. Hizo ni lita 30,000 kwa saa, sawa na mitungi 1,500 ya lita 20. Sehemu kubwa ya Ganze ni nchi kavu. Kutoka ufuoni hadi Bamba, upande wa bara, mvua hupungua sana, mito kama Rare na Ndzovuni hukauka au kubaki madimbwi, na katika miaka ya ukame wanawake hutembea kutwa kutafuta mtungi mmoja. Kuweka kifaa kinachopitisha mitungi 1,500 kwa saa mbele ya watu hao ni jambo linalohitaji maelezo. Maelezo yapo: maji yanaweza kuzungushwa. Shimo moja lililotandikwa turubai hupokea marudio, la pili hupokea maji yaliyotulia, na pampu huyarudisha. Lita 3,000 zinaweza kupita kila baada ya dakika sita siku nzima. Ila kila koleo la mchanga unyevu linalotupwa linaondoka na maji yake, jua linachukua sehemu yake, na mfinyanzi hukataa kutuama haraka. Tukikadiria kwamba kila saa inabidi kuongeza lita 500, hiyo ni mitungi 25 kwa saa, 150 kwa siku ya saa sita. Kwa kazi ya siku mbili au tatu za kupima, kijiji kinaweza kukubali. Kwa kazi ya mwaka mzima, hakuna mkutano wa baraza utakaoridhia, na mimi ningewaunga mkono wanaokataa.

Kupima kwenyewe si jambo la siri. Ndoo 50 za lita 20 zilizojazwa kutoka shimo moja ni mita moja ya ujazo. Zipitishwe zote, marudio yajaribiwe kwa karai, na kilichobaki mtegoni kikaushwe na kupimwa kwenye mizani ya sonara. Tuchukue mfano wa bei. Kwa dola 3,000 kwa aunsi ya gramu 31.1, gramu moja inakaribia dola 96, kama shilingi 12,000 za Kenya na kidogo zaidi. Mchanga wenye gramu 0.1 kwa mita ya ujazo ungelipa shilingi 1,200 kwa kila mita, na watu wawili wenye makoleo wanaweza kulisha karibu mita moja kwa saa. Toa petroli, toa maji, gawanya kwa wawili, kuna ujira. Mchanga wenye gramu 0.01 ungelipa shilingi 120, ambazo hazinunui hata petroli ya saa hiyo. Ukiwa umeishika mkononi, michanga hiyo miwili haina tofauti yoyote, na yote miwili inaweza kuacha cheche ya njano kwenye karai. Cheche hiyo ndiyo inayouza mashamba, inayofanya watu wachange pesa, inayoita wageni. Huko Hillo, Marsabit, mbio za dhahabu zilileta maelfu ya watu kabla ya utaratibu wowote, na Machi 2024 serikali ikafunga machimbo baada ya watu kuuana. Namba moja inayoaminika, iliyoandikwa na kusomwa hadharani, huzima uvumi mapema au huuthibitisha mbele ya watu wote kwa pamoja.

Na hapa ndipo naona thamani kubwa zaidi ya kifaa hiki kwa Ganze, hata kama hakitaokota punje moja ya dhahabu. Turudi kwenye ule uwiano. Ilmenaiti dhidi ya kwatzi ni karibu 2.2, barayti 2.1, galena 3.9; ndani ya mtego ulio hai barayti hupanda hadi 2.6 na galena huzidi 5. Yaani sluisi hii inaweza kuonyesha, kwa mchanga usio mwembamba mno, madini ambayo kweli yamo katika ardhi hii. Kanuni ya uzito na maji ndiyo iliyoendesha mgodi wa Base Titanium kule Kwale, ambako mchanga ulizungushwa kwenye mifereji ya mviringo kutenga vizito, yaani ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na mchanga wa kawaida, kwa maji ya bwawa lililojengwa mahususi kwenye Mto Mukurumudzi, tangu mwishoni mwa 2013 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Kampuni ya Kanada, Tiomin, iliyotangulia kushika leseni ya Kwale, ilikuwa pia imeutazama mchanga wa Mambrui, Vipingo na Sokoke. Sokoke iko Kilifi, upande wa Ganze. Kwa maneno mengine, wapo waliokwisha kupima, na vipimo vyao vilikwenda ng'ambo. Wenyeji walibaki na tetesi.

Historia ya Kakamega inaonyesha gharama ya kubaki na tetesi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, ikiahidi kwamba ardhi ikitwaliwa kwa haja ya umma, ardhi nyingine yenye thamani sawa itatolewa badala yake. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana. Kufikia Desemba 1932 sheria ilikuwa imerekebishwa ili ardhi ya machimbo iweze kuondolewa bila ardhi badala na bila kuwasubiri wenyeji washauriwe. Sheria za leo ni bora zaidi, sikatai. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inayaweka madini yote katika milki ya umma chini ya serikali kuu, na Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Ila watu wa Kwale walilalamika miaka mingi kwamba ile asilimia 10 haijawafikia, na ni vigumu kudai sehemu ya kitu ambacho kiasi chake unakijua kwa kuambiwa na anayekilipia. Baadhi ya watu husema vipimo vya kijiji havina nguvu mbele ya maabara ya kampuni. Kweli, mahakamani vinaweza visisimame. Katika mkutano wa kutoa maoni, kabla leseni haijatolewa, vinamwezesha mzee wa Vitengeni kuuliza kwa nini ripoti iliyo mezani inataja nusu ya uzito ambao kijiji kilipima kutoka shimo lililo hatua ishirini kutoka hapo. Swali hilo linahitaji kujibiwa, na kujibiwa kwa maandishi.

Onyo moja halipaswi kuachwa, na ningelitanguliza mbele ya dhahabu yote. Galena ni risasi, na kifaa kinachokusanya vizito kitakusanya risasi. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, familia zilizosaga mawe ya dhahabu nyumbani hazikujua kwamba mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu hiyo. Pwani yetu nayo imeonja: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua na kuzika watu kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na kesi iliyosukumwa na mwanaharakati Phyllis Omido iliwapa mwaka 2020 fidia ya shilingi bilioni 1.3, ambayo Mahakama ya Juu iliirudisha Desemba 2024 baada ya kubatilishwa katika rufaa. Kwa hiyo mchanga wa Vitengeni usipelekwe nyumbani, usikaushwe juu ya jiko la kupikia, usisagwe ukiwa mkavu, na maji yaliyouosha yasiruhusiwe kuingia kwenye dimbwi la mifugo. Unga mzito wa kijivu unaong'aa mtegoni ufungwe ndani ya chupa na upelekwe maabara. Nguo za kazi zifuliwe hukohuko. Asiyeweza kutimiza hayo asianze.

Utaratibu wa kuanza unaeleweka. Kutafuta madini bila kibali ni kosa, hata kwa karai, kwa hiyo kikundi kijisajili na kupitia ofisi ya madini na kamati ya wachimbaji wadogo ya kaunti, ambayo sheria ya 2016 inaitambua. Kiombe ridhaa ya wenye mashamba. Na kiondoe kabisa katika ramani yake msitu mtakatifu wa Kaya Kauma, ambao uko jirani na Jaribuni na tangu 2008 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Msimu unaofaa ni baada ya mvua za masika, Juni na Julai, madimbwi yakiwa bado yamo kwenye makorongo. Mtu asianze na sluisi. Karai kwanza, shimo baada ya shimo, kwenye sakafu ya Ndzovuni chini ya Jaribuni na kwenye vijito vya Vitengeni, na panapotokea vizito vya kutosha ndipo kisanduku kibebwe kikapime mita nzima ya ujazo. Jaribio la ziada lifanywe kwenye Sabaki, upande wa Baricho, ambako maji hayakauki na kifaa kinaweza kuwekwa mtoni bila pampu. Huko ndiko mtu angejifunza kukitumia kabla ya kukileta kwenye nchi kavu. Matokeo yaandikwe kwenye daftari lenye tarehe, kina cha shimo, idadi ya ndoo na gramu za kila kilichobaki, sufuri zikiwemo, na nakala ibaki kwa chifu, shuleni na kwa wazee wa kijiji. Kikundi kitakachomaliza msimu mmoja kwa sufuri za dhahabu na kilo kadhaa za barayti kitakuwa kimepata kile ambacho ripoti za mwaka 1956 hazikumpa mtu yeyote wa Ganze: namba zilizo mikononi mwao wenyewe.